Nancy Gooch wa Coloma na Ardhi Ilikookotwa Dhahabu

Asubuhi ya tarehe 24 Januari 1848, seremala James Marshall alikuwa akikagua mfereji wa kutolea maji wa kiwanda cha kupasulia mbao, kando ya Mto American huko California. Kiwanda alikuwa akimjengea tajiri wa Kiswisi, John Sutter. Katika maji yale ya kina kifupi akaona vipande vidogo vya njano vimenasa kwenye mwamba. Vilikuwa dhahabu. Mahali penyewe paliitwa Coloma, bonde la Wanisenan, wenyeji walioishi hapo vizazi na vizazi kabla mzungu yeyote hajafika. Sutter na Marshall walitaka kuficha habari, lakini ilipofika Mei mfanyabiashara Sam Brannan alikuwa akipita mitaani San Francisco na chupa ya vumbi la dhahabu mkononi, akitangaza kwa sauti. Kufikia 1855 watu wapatao 300,000 walikuwa wamemiminika California.

Majina ya Sutter, Marshall na Brannan yamo katika vitabu vya shule. Jina la ukoo uliokuja kuimiliki ardhi ile kwa muda mrefu halimo, au limo kwa mstari mmoja. Miaka ya 1940, serikali ya jimbo ilipotaka kuweka hifadhi ya kumbukumbu mahali dhahabu ilipookotwa, kiwanja cha kiwanda cha Sutter kilikuwa mali ya mkulima Mweusi aitwaye Pearley Monroe. Bibi yake mzaa baba aliletwa Coloma mwaka 1849 akiwa mtumwa.

Bibi huyo ni Nancy Gooch. Yeye na mumewe Peter Gooch walifika machimboni pamoja na mtu wa Missouri aliyewamiliki. Safari kutoka Missouri ilikuwa ya kilomita zaidi ya 3,000, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, miezi minne hadi sita kupita tambarare, jangwa na milima ya Sierra Nevada. Wenye watumwa wa majimbo ya kusini walikuwa na hesabu yao: mtumwa mmoja akichimba, mwingine akipika na kufua, dhahabu yote inaingia kibindoni mwa bwana, na mshahara haulipwi.

Nancy aliacha mtoto nyuma. Mwanawe Andrew alibaki Missouri, mdogo bado, katika mikono ya watu wengine. Kwa sheria ya utumwa mtoto wa mtumwa alikuwa mali kama mama yake, na mali inaweza kuuzwa huku au kubakizwa kule bila mzazi kuulizwa. Kijana huyo akakua akiitwa Monroe. Mama yake aliitwa Gooch. Majina mawili tofauti ya mama na mwana yanatosha kueleza walivyotenganishwa.

California ilijiunga na Marekani tarehe 9 Septemba 1850 ikiwa jimbo lisilo na utumwa. Katiba yake, iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku. Nancy na Peter wakawa huru. Hapa ndipo masimulizi mengi huharakisha, kana kwamba uhuru ulishuka siku moja na mambo yakaisha. Haikuwa hivyo. Gavana wa kwanza wa jimbo, Peter Burnett, alitaka watu Weusi wakatazwe kabisa kuingia California. Mahakamani, Mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu hadi 1863. Akiibiwa dhahabu yake mbele ya macho yake na mzungu, na hakuna mzungu mwingine aliyeona, kesi haipo. Mwaka 1852 bunge la jimbo likapitisha sheria ya watumwa waliotoroka, iliyomruhusu bwana kumdai tena mtumwa aliyemleta kabla California haijawa jimbo. Watu wa aina hiyo hasa ndio akina Nancy.

Tishio hilo halikuwa la karatasi tu. Katika wilaya jirani ya Placer, wanaume watatu Weusi, Carter Perkins, Robert Perkins na Sandy Jones, walikuwa wameachiwa na bwana wao na kujianzishia biashara ya kusafirisha mizigo machimboni. Usiku mmoja wa mwaka ule wa 1852 walikamatwa wakiwa wamelala ndani ya kibanda chao, wakapelekwa mbele ya hakimu, na Mahakama Kuu ya California ikaamua warudishwe Mississippi. Walikuwa wanajitegemea kimaisha. Sheria ile iliongezwa muda mara kadhaa hadi ikaachwa ife mwaka 1855. Kwa miaka mitatu, basi, kila Mweusi aliyeletwa na bwana alilala akijua mlango unaweza kugongwa.

Katika hali hiyo Nancy alianza kazi: kufua, kupika na kushona nguo za wachimbaji. Peter alifanya ujenzi na vibarua vya hapa na pale.

Tuitazame hiyo kazi ya udobi kwa karibu, maana ndiyo iliyojenga kila kitu kilichofuata. Mchimbaji alishinda amesimama mtoni hadi magotini, akitikisa karai la mchanga au akimwaga koleo baada ya koleo kwenye mfereji wa mbao. Jioni shati lake zito la sufu lilikuwa limejaa tope, jasho na mafuta ya nyama. Kulifua kulihitaji maji yapandishwe kwa ndoo kutoka mtoni, kuni zikatwe, sufuria kubwa ichemke, nguo zisuguliwe kwa sabuni kali inayochubua vidole, zisuuzwe, zikamuliwe, zianikwe, kisha zipigwe pasi ya chuma iliyopashwa motoni. Majira ya baridi maji ya mto huo hutoka kwenye theluji ya milimani. Na baada ya nguo kukauka kulikuwa na vifungo vya kurudishia na magoti ya suruali ya kutia viraka, chini ya mwanga wa mshumaa.

Wachimbaji wengi walikuwa wanaume peke yao, hawana mke wala dada wa karibu, na hawakutaka kupoteza siku ya kuchimba kwa ajili ya kufua. San Francisco mwaka 1849 kufuliwa dazeni moja ya nguo kulifika dola 8, na wako waliopakia nguo chafu melini zikafuliwe Hawaii. Bei hizo zilishuka baadaye, lakini mfuaji mwenye bidii katika mji wa machimbo alikuwa na kipato cha uhakika kuliko wengi wa wale aliowafulia. Mchimbaji aliweza kuchimba wiki nzima asipate hata punje. Shati lake lilichafuka vilevile.

Nancy aliweka akiba. Kiasi kinachotajwa ni dola 700. Kwa bei rasmi ya dhahabu ya wakati ule, dola 20.67 kwa aunsi, hiyo ni kilo moja na kidogo ya dhahabu, iliyopatikana senti kwa senti kutoka kwenye nguo za watu wengine. Lengo lilikuwa mtoto aliyemwacha Missouri.

Kwa miaka kumi na mitano ya kwanza hakuna akiba ambayo ingemfungulia njia rahisi, kwa sababu Andrew alikuwa bado mali ya mtu. Missouri ilifuta utumwa Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho. Reli ya kuvuka bara ikakamilika tarehe 10 Mei 1869, na safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya wiki moja hivi. Mwaka 1870 fedha za Nancy zikatumika kumleta Andrew Monroe, mkewe Sarah Ellen na watoto wao hadi Coloma. Miaka 21 ilikuwa imepita. Peter Gooch hakuwahi kuiona siku hiyo. Alikuwa amekwisha kufariki. Andrew aliyeachwa mtoto alishuka akiwa mume na baba, na wajukuu wakamkuta bibi yao kwa mara ya kwanza.

Nimesoma maelezo mengi ya enzi ya dhahabu yenye hesabu za mapande makubwa yaliyookotwa na matajiri waliopatikana kwa siku moja. Sijaona matumizi ya dhahabu ya California yanayoizidi nauli hiyo.

Coloma waliyoikuta familia ya Monroe haikuwa tena ile ya mahema na kelele. Dhahabu rahisi ya juu juu ilikuwa imekwisha katika miaka ya 1850. Makao ya wilaya yalihamishiwa Placerville mwaka 1857, na mahakimu, mawakili na wenye maduka wakaondoka nayo. Waliobaki mtoni wengi walikuwa Wachina wakichekecha upya kokoto zilizokwisha kuchekechwa, chini ya kodi iliyowalenga wachimbaji wageni. Kingo za mto zilikuwa zimefukuliwa na kuachwa mashimo. Wanisenan, wenye bonde, walikuwa wamekufa kwa wingi kwa magonjwa, njaa na bunduki, na manusura wao wakasukumwa pembeni.

Lakini udongo wa miteremko ulikuwa mzuri kwa miti ya matunda, na maji ya mifereji ya wachimbaji yalifaa kwa umwagiliaji. Nancy na Peter walikuwa wamekwisha kununua ardhi. Andrew na Sarah Ellen wakalima na kupanda matunda, na mapato yakanunua kipande kingine, kisha kingine, hadi shamba la ukoo likafika mamia ya ekari. Wakati wengine wakihama kufuata uvumi wa dhahabu hadi Nevada na kwingineko, akina Monroe walinunua kile ambacho wahamaji walikiacha. Miongoni mwa vipande hivyo kilikuwamo kiwanja cha kiwanda cha mbao cha Sutter, mahali penyewe Marshall alipoinama mtoni mwaka 1848. Jengo lilikuwa limebomoka zamani, mbao zake zimebebwa na mafuriko na watu.

Ni vyema kuwatazama kwa pamoja. Sutter alipoteza himaya yake yote ya mashamba kwa wavamizi waliofuata dhahabu, akafa Washington mwaka 1880 akiwa bado analiomba Bunge la Marekani fidia. Marshall alijaribu kulima zabibu hapohapo Coloma, ikashindikana. Mwaka 1872 jimbo likampa pensheni, na mwaka 1878 likaikata. Alikufa mwaka 1885 huko Kelsey, hana kitu, na miaka mitano baadaye akajengewa sanamu kubwa juu ya kilima, akionyesha kwa kidole mahali alipookota dhahabu. Katika miaka hiyohiyo Nancy Gooch alikuwa akiishi bondeni karibu na mwanawe na wajukuu, kwenye ardhi yenye hati. Alifariki mwaka 1901.

Isidhaniwe kwamba waliishi peke yao kama kisiwa. Watu Weusi wa California walijipanga mapema. Sacramento walianzisha kanisa lao la Methodisti mwaka 1850, na mwaka 1855 wajumbe kutoka wilaya mbalimbali wakakutana mjini humo kudai haki ya kutoa ushahidi mahakamani, wakapeleka sahihi za watu bungeni na kurudia tena na tena hadi sheria ikabadilishwa mwaka 1863. Hati ya ardhi mkononi mwa Mweusi ilikuwa na uzito kwa sababu kuna watu waliopigania asikike akisimama mbele ya hakimu kuitetea. Coloma nayo ilikuwa na familia nyingine za Weusi, wakulima na mafundi.

Kisha likaja jimbo lenyewe. Hifadhi ya kihistoria ya Marshall ilianzishwa mwaka 1942, na katika muongo huo Pearley Monroe akaiuzia serikali kiwanja cha kiwanda. Mwaka 1947 wataalamu wa mambo ya kale walichimba ukingoni na kukuta mbao za msingi na mfereji wa kutolea maji. Miaka ya 1960 ikajengwa nakala ya kiwanda kwa ajili ya wageni. Pearley aliishi kuona miaka hiyo ya 1960 ikianza. Njia ya miguu inayopanda mgongo wa kilima ndani ya hifadhi inaitwa kwa jina la Monroe, na makaburi ya familia yako katika uwanja wa mazishi wa waanzilishi wa mji, pamoja na Nancy.

Kumiliki ardhi na kuuzia serikali inayoitaka ardhi hiyo ni jambo lenye maswali yake, hasa kwa Mweusi katika Marekani ya miaka ya 1940. Maswali hayo yamefufuka. Mwaka 2020 California ilipitisha sheria ya kuunda kikosi kazi cha kuchunguza fidia kwa kizazi cha watumwa, na idara ya hifadhi za jimbo ikatangaza mpango wa kupitia upya majina na maelezo yaliyomo katika hifadhi zake. Wazao wa familia za Weusi wa Coloma wamesimama hadharani kutaka ielezwe jinsi ardhi ya wazee wao ilivyopita mikononi mwa serikali, na kwa bei gani.

Wana haki ya kujibiwa kwa nyaraka, si kwa kibao cha maelezo. Na kibao nacho kikiandikwa upya, dola 700 za Nancy Gooch zipewe nafasi pamoja na mwaka zilipotumika na jina la aliyefuatwa Missouri. Mgeni anayeonyeshwa mfereji wa Marshall aambiwe pia nani alikuwa na hati ya mahali anaposimama.