Kabla ya Mchanga wa Wahiba, Tupite Ibra

Tukipanga kuwapeleka watoto Oman, kwenye vilima vya mchanga vya Wahiba, tusiipite Ibra mbio mbio. Mji huu ulio njiani kutoka Maskati ni asili ya Waharthi wengi waliovuka bahari kwa majahazi wakaweka makazi Unguja, wengine karne ya 19, enzi za Sayyid Said. Twende Jumatano, siku ya soko la wanawake. Alasiri, jua likipoa, ndipo tuingie mchangani. Ila kabla ya kukata tiketi, tukae na bibi tuandike majina ya wazee wetu na miji yao. Wanaojua nasaba wanapungua. Watoto wakituuliza kule, "Sisi wa nani?", tuwe na jibu, inshallah.