Siku Tisa Katika Theluji ya Kirimaara

Msomaji, ukisimama Timau alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, waweza kuviona vilele vya mlima ambao Wameru huuita Kirimaara, na ambao ramani huuita Mlima Kenya. Mbele yako pana mashamba ya ngano. Huko juu yang'aa theluji iliyoanguka usiku, ijapokuwa mstari wa Ikweta wapita kati yako na vilele hivyo. Kwa anayeitazama toka mbali, theluji hiyo ni pambo. Kisa cha mwaka 1970 chatuonyesha kuwa yaweza pia kuwa gereza.

Mwezi wa Septemba mwaka huo, madaktari wawili vijana wa Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu kupita vyote, chenye meta 5,199. Walipoanza kushuka, jiwe kubwa liling'oka, Judmaier akaanguka, na mfupa wa mguu wake ukavunjika hata ukatokeza nje. Oelz hakuweza kumbeba peke yake katika magenge yale. Akamwachia chakula kidogo walichokuwa nacho, akashuka kutafuta msaada.

Hebu fikiri hali ya majeruhi yule. Hewa ya huko ni karibu nusu tu ya ile ya Mombasa, na usiku maji huganda. Kila mara aliposikia jiwe likiporomoka, bila shaka alidhani ni nyayo za watu.

Watu walikuja kweli. Wapanda mlima wa Kenya waliojitolea walikwea upande wa kaskazini, na Oelz akarudi pamoja nao akiwa na dawa. Lakini kumteremsha mgonjwa kwa kamba katika mwamba na barafu ilikuwa kazi ngumu mno. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliruka kwa helikopta ili kusaidia. Ndege ikaanguka, naye akafa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waokoaji wa milimani walisafiri kutoka Innsbruck, karibu kilomita 6,000, wakaungana na wale wa Kenya. Baada ya siku tisa Judmaier alifikishwa chini, akapona.

Pengine utauliza: je, ilifaa mtu afe kwa ajili ya kumwokoa mwingine? Swali hili halina jibu la mizani, kwani hakuna aliyekwenda akijua atakufa. Walijua jambo moja tu, kwamba juu kuna mtu aliye hai. Nawe utakapoupanda mlima huo, kumbuka kuwa hupandi peke yako: kila hatua yako ya uzembe huenda ikalipwa na mtu usiyemjua.