Lugha Iliyobaki Kanisani: Matembezi ya Siku Moja katika Cairo ya Kale



Katika likizo moja nilijaliwa kupita Misri, nikapata siku moja ya mapumziko mjini Cairo. Nilijiandikisha katika msafara mdogo wa watu kumi na mmoja waliotaka kuyaona makanisa ya kale ya mji huo. Nilikwenda nikitarajia kuona mawe, mbao na picha za kale. Niliyaona yote hayo, lakini kilichonifuata mpaka nyumbani Uganda ni habari ya lugha. Ndiyo sababu nimeona yafaa kuwaandikia katika jarida hili, ambalo wasomaji wake ni watu wenye dhamana ya kulea lugha.

Safari ilianza saa mbili asubuhi kwenye kituo cha treni ya mjini kiitwacho Mar Girgis, yaani Mtakatifu George. Ilikuwa siku ya Ijumaa, ambayo ni siku ya mapumziko Misri, na kwa hiyo Wakristo wengi huitumia kwa ibada. Kiongozi wetu alikuwa binti wa Kikopti wa umri wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye sauti ya kusikika vizuri. Kabla ya kupiga hatua kumi alitufafanulia jina la watu wake. Neno “Kopti”, alisema, limetokana na neno la Kiarabu “qibt”, nalo limetokana na neno la Kiyunani “Aigyptios”, lenye maana ya Mmisri. Kwa hiyo mtu asemapo Mkopti, kwa asili ya neno anasema Mmisri tu.

Mbele yetu palikuwa na mabaki ya ngome ya Warumi iitwayo Babiloni. Msomaji asichanganyikiwe: hii si ile Babeli ya Mesopotamia isomwayo katika Agano la Kale. Ngome hii ilijengwa karibu na mwaka 300, zama za mfalme Diocletian, kando ya Mto Nile. Huyu Diocletian ndiye aliyeanzisha mateso makubwa ya Wakristo mwaka 303. Wakopti hawakuyasahau mateso hayo. Kalenda ya kanisa lao huhesabu miaka kuanzia mwaka 284, Diocletian alipotwaa utawala, na zama hizo huziita Zama za Mashahidi. Lakini dunia ina mageuzi yake. Kuta za mtesaji huyo ndizo zilizobeba kanisa mashuhuri kuliko yote ya mtaa ule.

Kanisa hilo huitwa kwa Kiarabu al-Muallaqa, yaani Lililotundikwa, kwa kuwa ukumbi wake umejengwa juu ya njia ya lango la ngome. Ili kulifikia hupandwa ngazi 29. Ndani nilikuta mimbari ya marumaru iliyosimama juu ya nguzo nyembamba, na mbele ya madhabahu ukuta wa mbao nyeusi uliotiwa pembe za ndovu kwa ustadi usiosemeka. Katika karne ya 11 mapatriarka wa Wakopti walihamia Cairo kutoka Alexandria, na kanisa hili likawa makao yao. Kiongozi wetu alifungua kifuniko cha kioo sakafuni, tukachungulia chini na kuona kwamba kweli tumesimama juu ya ngome ya Warumi.

Tuliwakuta watu wakisali. Vijana mashemasi waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakiimba huku wakigonga matoazi madogo, na ubani ukipanda polepole. Mara waliimba kwa Kiarabu, mara kwa lugha nyingine ambayo sikuitambua hata neno moja. Nilimwuliza kiongozi kwa sauti ya chini, naye akanijibu, “Hicho ni Kikopti. Ni lugha ya mababu zetu.” Kisha akanionyesha kitabu cha sala alichokuwa ameshika mama mmoja mzee. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: ya kwanza Kikopti kwa herufi zake, ya pili tafsiri ya Kiarabu, na ya tatu yale maneno ya Kikopti yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. “Safu hii ya tatu,” akasema, “ni kwa ajili ya wale wasiojua kuzisoma herufi zetu. Ni wengi.”

Kutoka hapo tulishuka katika vichochoro mpaka kanisa la Abu Serga, la mashahidi Sergius na Bacchus. Husimuliwa kwamba chini ya madhabahu yake, katika chumba cha chini ya ardhi, Yusufu, Mariamu na mtoto Yesu walipumzika walipomkimbia Herode. Hapa yafaa mwalimu atenganishe mambo mawili. Injili ya Mathayo, katika sura ya pili, yasema kwamba walikimbilia Misri, lakini haitaji mji wala kijiji. Mahali hapa ni mapokeo ya Wakopti, na kanisa lenyewe lilijengwa karne nyingi baada ya tukio hilo. Kiongozi wetu hakulificha hilo. Alisema wazi, “Haya tumepokea kwa wazee wetu.” Nilimheshimu kwa kauli hiyo, kwani alisimulia imani yake bila kuigeuza kuwa ushahidi wa mahakamani. Akaongeza kwamba zamani, mto ulipofurika, maji yalikuwa yakipenya hadi ndani ya chumba kile. Nilitabasamu moyoni, maana baadhi ya maji hayo bila shaka yalikuwa yametoka kwetu Jinja.

Baada ya chakula cha mchana tuliingia katika Jumba la Makumbusho la Kikopti, lililoanzishwa na Marcus Simaika mwaka 1908. Hapo ndipo habari ya lugha iliponijia kwa ukamilifu wake.

Kikopti si lugha ngeni iliyoletwa Misri. Ni hatua ya mwisho ya lugha ile ile ya mafarao. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu tatu Wamisri waliiandika lugha yao kwa michoro na kwa hati za mkato zilizotokana na michoro hiyo. Katika karne za mwanzo za Ukristo walianza kuiandika kwa herufi za Kiyunani. Lakini Kiyunani hakina sauti zote za Kimisri. Sauti ya “sh”, kwa mfano, haimo. Basi waliongeza herufi sita au saba, kutegemea lahaja, walizozitoa katika hati yao ya kale. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba waandishi wa Kiswahili wa pwani walifanya kazi iliyo jamaa ya hiyo. Walipotumia hati ya Kiarabu, ambayo kwa asili haina “p” wala “ch”, walizitafutia sauti hizo alama. Watu wenye kuithamini lugha yao hawakosi njia ya kuipatia mavazi.

Katika karne ya 3 Maandiko Matakatifu yalikwisha kuanza kutafsiriwa kwa Kikopti. Watawa wa jangwani, wakiwamo wanafunzi wa Mtakatifu Antoni aliyefariki mwaka 356, waliitumia lugha hii katika sala na barua zao. Antoni mwenyewe, kama alivyoandika Athanasius wa Alexandria, alipozungumza na wanafalsafa wa Kiyunani alihitaji mkalimani. Katika makumbusho hayo huhifadhiwa pia vitabu 13 vya Nag Hammadi, vilivyofukuliwa na wakulima mwaka 1945 vikiwa ndani ya mtungi. Ndani yake mna maandiko zaidi ya arobaini ya madhehebu mbalimbali ya Wakristo wa zamani, ambayo mengi kati yake yalikuwa yamepotea kabisa katika Kiyunani. Kikopti ndicho kilichoyatunza.

Basi lugha yenye hazina kama hiyo ilifikaje kuwa lugha ya safu ya tatu?

Haikufa kwa siku moja wala kwa amri moja. Mwaka 641 ngome ya Babiloni ilisalimu amri mbele ya jeshi la Waarabu lililoongozwa na Amr ibn al-As, na karibu na hapo ukajengwa msikiti wake, wa kwanza katika Afrika. Wakopti waliendelea kusema lugha yao mashambani, sokoni na kanisani. Mwaka 706 Kiarabu kilifanywa lugha ya ofisi za serikali. Tangu hapo mzazi aliyetaka mwanawe awe karani alimfundisha Kiarabu. Katika karne ya 10 Severus ibn al-Muqaffa, askofu wa Ashmunein, aliandika vitabu vyake vya dini kwa Kiarabu. Katika karne ya 12 Patriarka Gabriel wa Pili aliagiza waumini wafundishwe Sala ya Bwana kwa lugha waliyoielewa, na lugha hiyo ilikuwa Kiarabu. Wala hatuwezi kumlaumu, kwani sala isiyoeleweka ina faida gani?

Katika karne ya 13 wataalamu wa Kikopti walishtuka. Wakatunga vitabu vya sarufi na orodha za maneno, Kikopti upande huu na Kiarabu upande huu. Orodha hizo waliziita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya ngazi, kwa matumaini kwamba vijana wangezipanda waifikie lugha ya babu zao. Zilikuwa kazi nzuri mno. Lakini lugha ikishafika mahali pa kutungiwa vitabu ili wenyewe wajifunze, maana yake watoto hawaipati tena jikoni kwa mama. Katika Misri ya Juu iliendelea kusemwa kwa karne kadhaa, kisha ikabaki katika sala tu.

Hata hivyo ngazi zile hazikuwa kazi bure. Nakala zake zilifika Ulaya, na mwaka 1643 Athanasius Kircher alizichapisha mjini Roma. Mfaransa Champollion alijifunza Kikopti tangu ujana wake, na mwaka 1822 elimu hiyo ilimsaidia kuifumbua michoro ya mafarao. Kama walimu wale wa karne ya 13 wasingekaa na kuandika sarufi, huenda kuta za mahekalu ya Misri zingekuwa bubu mpaka leo.

Jioni tulikaa nje tukinywa chai. Kiongozi wetu alipojua kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili alifurahi sana. Nilimweleza kwamba maneno yetu askofu na Injili yana asili ya Kiyunani, nayo yalitufikia kwa njia ya Kiarabu. Hali kadhalika kalamu na karatasi. Alicheka, akasema kumbe sisi ni jirani. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: “Nyumbani kwako, watoto wako husema Kiswahili?”

Nilinyamaza kidogo. Ndugu zangu, ukweli ni kwamba nyumbani kwangu mimi na mke wangu huzungumza lugha yetu ya kikabila, na watoto hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili hukitumia wakati wa kufanya kazi ya shule, nami huwasahihishia ngeli kwa kalamu nyekundu. Nilimwambia hivyo. Hakunicheka. Alisema, “Bibi yangu alijua sala zote kwa Kikopti, lakini hakuweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo.”

Najua kwamba hali zetu si sawa. Kiswahili husemwa na mamilioni ya watu, nacho hakimo hatarini kama Kikopti. Hapa Uganda kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini habari ya Cairo ya kale yatuonya kwamba lugha huweza kuheshimiwa, kuimbwa na kutungiwa sarufi, na bado isiwe na mtu wa kuombea maji. Mwanafunzi apataye alama nzuri katika mtihani kisha asiweze kununua nyanya kwa Kiswahili yumo katika safu ya tatu.

Alikuwako mwalimu mmoja wa Kikopti, Iqladyus Labib, aliyeishi kati ya 1868 na 1918. Alitunga kamusi, akafundisha, na zaidi ya hayo aliisema lugha hiyo na watoto wake nyumbani. Hakufaulu kuwarudisha watu wake wote, lakini alijua lugha huanzia wapi.

Tangu niliporudi nimeweka desturi moja nyumbani kwangu: chakula cha jioni huliwa kwa Kiswahili. Siku za kwanza palikuwa kimya sana mezani, na kitinda mimba wangu alikuwa akiashiria chumvi kwa kidole. Sasa huiomba kwa maneno, na hukosea ngeli. Simsahihishi mpaka tumalize kula.