Muziki wa Dansi Mjini Morogoro: Historia ya Bendi Mbili na Urithi Zilizouacha

Mji wa Morogoro, uliopo chini ya milima ya Uluguru takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, umezoeleka kuitwa "mji kasoro bahari". Kwa Watanzania waliokuwa watu wazima kati ya miaka ya 1950 na miaka ya 1970, jina la mji huo lilifungamana pia na muziki wa dansi. Bendi zake mbili, Morogoro Jazz na Cuban Marimba, zilisikika redioni na kwenye santuri kote Afrika Mashariki. Wanamuziki wake wawili mashuhuri, hayati Salum Abdallah na hayati Mbaraka Mwinshehe, wangali wanahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa waliopata kutokea nchini.

Makala haya yanaeleza namna muziki huo ulivyoanza, ulivyokua kwa ushindani wa bendi hizo mbili na ulivyopungua nguvu. Yanaeleza pia nafasi ya watunzi na warithi wao kisheria, suala ambalo kwa baadhi ya nyimbo hizo limebakiwa na muda mfupi.

Asili ya dansi mjini Morogoro

Dansi, kwa maana ya kucheza wawili wawili kwa muziki wa ala za Kizungu, ilienea katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Licha ya neno "jazz" katika majina yao, wanamuziki wa bendi hizo hawakupiga muziki wa Wamarekani weusi unaojulikana kwa jina hilo. Neno hilo lilimaanisha tu bendi ya kisasa yenye magitaa, ala za kupuliza na ngoma.

Morogoro ilikuwa na sababu za kuupokea muziki huo mapema. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1907, na kwa njia hiyo watu, magazeti, mashine za gramafoni na sahani za santuri vilifika kwa urahisi kutoka pwani. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yaliwakusanya wafanyakazi kutoka makabila na mikoa mingi. Watu hao walikuwa na ujira mkononi mwishoni mwa mwezi na hawakuwa na ngoma moja ya jadi iliyowaunganisha. Dansi iliyoimbwa kwa Kiswahili iliweza kuwa ya wote.

Bendi ya Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, katika mazingira ambayo bendi nyingi za mikoani zilikuwa pia vyama vya kijamii. Wanachama walichangiana, walizikana na kusaidiana katika shida, na muziki ulikuwa sehemu ya shughuli hizo. Kwa kawaida ala zilikuwa mali ya chama au ya mfadhili, na mwanamuziki aliyeondoka aliliacha gitaa nyuma. Utaratibu huo ulizipa bendi uhai mrefu kuliko wa mtu mmoja mmoja, lakini uliwaacha wapigaji wengi bila mali walipozeeka.

Salum Abdallah na Cuban Marimba

Salum Abdallah Yazidu, aliyefahamika pia kwa herufi za mwanzo za majina yake, SAY, alizaliwa mwaka 1928. Katika ujana wake muziki wa Cuba uliingia Afrika kwa santuri za kampuni ya HMV zilizopewa alama ya GV, ambazo zilianza kusambazwa barani katika miaka ya 1930. Rumba na son za kisiwa hicho zilikuwa na midundo yenye asili ya Afrika, na wasikilizaji wa Morogoro hawakuziona kuwa ngeni kabisa.

Salum Abdallah alianzisha kundi lake mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, na baadaye likaja kuitwa Cuban Marimba. Majina hayo yanaonyesha wazi chanzo cha mapenzi yake. Hata hivyo, kazi yake haikuishia katika kuiga. Alichukua mwendo wa rumba na cha-cha-cha, akauwekea mashairi ya Kiswahili yenye mizani na vina vinavyofahamika kwa msikilizaji wa pwani na bara. Aliimba mapenzi, maonyo na mambo ya kisiasa ya wakati wa kupigania Uhuru. Wimbo wake "Ngoma Iko Huku" ni miongoni mwa zile zilizodumu.

Nyimbo nyingi za bendi hiyo zilitolewa kwa santuri na lebo ya Mzuri ya Mombasa. Kupitia santuri hizo, mtu wa Mombasa, Zanzibar au Kampala aliweza kuifahamu Cuban Marimba bila kufika Morogoro.

Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya barabarani mwezi Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Uongozi wa Cuban Marimba ulichukuliwa na Juma Kilaza, ambaye aliiongoza bendi hiyo kwa miaka iliyofuata na kuipa sauti mpya iliyoegemea zaidi magitaa ya umeme.

Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz

Mwaka huohuo wa 1965, kijana aliyezaliwa mwaka ilipoundwa Morogoro Jazz alijiunga na bendi hiyo. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Ndani ya muda mfupi alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi mkuu, na jina la bendi likawa halitajwi bila lake.

Mtindo wake wa gitaa ulikuwa wa kuzungumza na mwimbaji. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakasikika vizuri, kisha ukaingia sehemu ya chemko ambamo mwendo uliongezeka na magitaa yakachukua nafasi ya sauti. Santuri ya inchi 7 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Kwa hiyo nyimbo ndefu ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na chemko upande wa pili.

Kila bendi ilikuwa na "mtindo", yaani jina la mwendo wa kucheza lililotumika kuitambulisha na kuitofautisha na wapinzani. Morogoro Jazz ilitumia majina kama Likembe na Sululu. Mashabiki waligawanyika kama wanavyogawanyika kwenye mpira wa miguu, na bendi moja ilipotoa mtindo mpya, nyingine ililazimika kujibu. Kwa mji wa ukubwa wa Morogoro, kuwa na bendi mbili za kiwango hicho kwa wakati mmoja kuliwafanya wanamuziki wafanye mazoezi kwa bidii na watunzi watafute jambo jipya la kusema.

Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilikuwa pia kumbukumbu ya matukio ya nchi. Dkt. Wilbert Kleruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 25, 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka nchini Japani wakati wa Maonesho ya Dunia, Expo 70, na safari hiyo nayo ikatungiwa wimbo.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano, iliyotumia mtindo wa Masika. Katika kipindi hicho ndipo ulipotoka wimbo "Shida", uliopendwa mno Tanzania na Kenya. Mwezi Januari 1979 alipata ajali ya gari huko Mombasa akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 34. Baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri uliotolewa nchini Kenya kwa jina la "Ukumbusho".

Redio na santuri

Umaarufu wa bendi za Morogoro usingefika mbali bila redio. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na baada ya Uhuru chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambacho urithi wake leo uko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). RTD ilirekodi bendi kutoka mikoa mbalimbali na kupiga nyimbo zao katika vipindi vya salamu na burudani. Bendi ilipiga wimbo wote kwa pamoja, na aliyekosea aliwalazimu wenzake kuanza upya.

Kurekodi redioni kulileta sifa, na sifa ilijaza kumbi. Fedha zilitarajiwa kwenye viingilio vya mlangoni zaidi kuliko kwenye rekodi. Kwa upande wa santuri, mitambo ya kuzichapa ilikuwa Kenya, hivyo wanamuziki wa Tanzania walitegemea wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Sababu za kupungua kwa bendi za mikoani

Vifo vya viongozi wawili vilikuwa pigo kubwa, lakini havitoshi kueleza mabadiliko yaliyotokea. Kuanzia mwaka 1964 ilipoundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, bendi za taasisi za umma zilianza kuongezeka Dar es Salaam. Vijana Jazz ilifuata mwaka 1971. Bendi hizo ziliwaajiri wanamuziki kwa mshahara na kuwanunulia ala, jambo ambalo chama cha kijamii cha mkoani hakikuweza kulimudu. Wapigaji wenye vipaji walivutwa kwenda Dar es Salaam, na miji kama Morogoro, Tabora na Tanga ikapoteza wanamuziki wake.

Hali ngumu ya uchumi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliongeza uzito. Magitaa, vipaza sauti na hata nyuzi viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Mafuta ya magari yalipokuwa ya kupanga foleni, ziara za mikoani, ambazo zilikuwa chanzo kikuu cha mapato, zilipungua.

Haki za watunzi na warithi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ambacho sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kwa mujibu wa sheria hiyo kama ilivyotungwa, haki ya mtunzi inadumu katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Kipimo hicho kina maana kubwa kwa urithi wa Morogoro. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1965, miaka 50 ilitimia mwaka 2015. Kwa aliyefariki mwaka 1979, itatimia mwaka 2029. Muda huo ukipita, mtu yeyote anaweza kuutumia utunzi husika bila kulipa mirabaha kwa warithi. Pale wimbo ulipotungwa na watu zaidi ya mmoja, hesabu huanzia kifo cha mtunzi wa mwisho, na ndiyo maana kuwatambua watunzi wote ni jambo lenye thamani ya fedha.

Vilevile ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, ni haki ya mtunzi. Rekodi, yaani sauti iliyonaswa kwenye santuri au mkanda, ina haki zake zinazowahusu mtayarishaji na wasanii walioshiriki. Familia inaweza kuwa na haki katika utunzi bila kuwa na haki yoyote katika santuri iliyopo sokoni. Vibandiko vya santuri nyingi za zamani vilitaja jina la bendi, na pengine la mtunzi, bila kuwataja wapigaji. Ushahidi wa nani alipiga nini umebaki katika vichwa vya wazee, na kila mwaka unapungua.

Hatua zinazoweza kuchukuliwa na wananchi

Kwa wenye santuri, mikanda, picha au daftari za nyimbo za bendi hizo, mambo yafuatayo yana manufaa:

1. Santuri zihifadhiwe kwa kusimamishwa wima, mbali na jua na joto, kwa kuwa zikilazwa kwa kurundikwa hupinda. Mikanda ya sumaku isiwekwe penye unyevu wala karibu na spika.

2. Majina ya wanamuziki waliopo kwenye picha yaandikwe sasa kwa penseli nyuma ya picha, pamoja na mahali na mwaka ikiwa vinafahamika.

3. Kumbukumbu za wanamuziki na mashabiki wazee zirekodiwe kwa sauti, zikitaja nani alitunga na nani alipiga ala ipi katika wimbo upi.

4. Warithi wa watunzi wawe na nyaraka za mirathi zinazotambulika kisheria kabla ya kufuatilia mirabaha, kwa kuwa jina la ukoo pekee halitoshi kuthibitisha urithi.

5. Ulinzi wa kisheria huanza pindi kazi inapotungwa na kurekodiwa, lakini kuisajili Ofisi ya Hakimiliki hurahisisha uthibitisho pakitokea mgogoro. Tafsiri ya sheria inayotumika sasa kwa suala mahususi inapatikana katika ofisi hiyo.

Kwa familia za watunzi waliofariki mwishoni mwa miaka ya 1970, muda wa kukamilisha hatua hizo unahesabika kwa miaka michache. Wimbo utaendelea kupigwa hata muda huo ukipita, ila malipo yake hayatawafikia tena waliobaki na jina la mtunzi.