Miadi ya Mgonjwa na Maji ya Mtera

Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa hupita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1980, na kazi yake ya kwanza haikuwa kufua umeme. Lilijengwa ili kuyazuia maji ya mto Ruaha Mkuu wakati wa mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, yakaendeshe mitambo ya Kidatu. Mitambo ya Mtera penyewe, ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988.

Nayakumbusha hayo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya foleni ya hospitali.

Siku moja pale Mtera, kando ya barabara penye wauza samaki, nilikaa na mama aliyekuwa akirejea kutoka hospitali. Kadi yake ilikuwa na tarehe ya siku ile ile. Aliondoka kambi ya wavuvi kabla ya alfajiri, akalipa nauli, akafika, akaambiwa mtaalamu hayupo, arudi wiki ijayo. Aliniambia kwamba yeye ameitunza tarehe yao, lakini wao hawakuitunza ya kwake.

Malalamiko hayo ni ya zamani, wala si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1952, Waingereza wawili, Welch na Bailey, walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao juu ya kliniki za wagonjwa wa nje. Waliona kwamba hospitali zilikuwa zikiwarundika wagonjwa mapema ili daktari asikae bure hata dakika moja. Muda wa daktari ulihesabiwa kuwa mali; wa mgonjwa haukuhesabiwa kabisa. Wakashauri wagonjwa waitwe kwa kupishana dakika zilezile ambazo kila mmoja huchukua kwa daktari, wawili tu wakiwapo mwanzoni. Wakaongeza sharti moja: daktari naye afike kwa wakati. Ushauri huo haukuhitaji mashine yoyote. Kompyuta zilifuata baadaye, na mwaka 2004 Uingereza ikaanza mfumo wa Choose and Book, wa kupanga miadi ya hospitali kwa kompyuta, uliodumu hadi 2015.

Hapa Tanzania tuanze na kina mama. Huduma za afya ya mama na mtoto ziliwekwa katika mpango wa taifa mwaka 1974, na mpango wa chanjo ukafuata mwaka 1975. Kadi ya kliniki, yenye mstari wa tarehe ya kurudi, ikaingia katika nyumba nyingi. Wengi wetu tumeona kadi hizo zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutunzwa pamoja na hati za shamba.

Hatua kubwa ya pili ilitokana na msiba. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na dawa hizo hazitaki mtu aruke siku. Mgonjwa akapewa kadi, nyingine ikabaki kliniki, na taarifa zikaanza kuingizwa katika kompyuta. Asiyetokea siku yake alijulikana, naye mhudumu wa kujitolea akatumwa kijijini kumtafuta. Nasisitiza hapo: kompyuta ilitaja jina, lakini aliyetembea kwa miguu hadi mlangoni kwa mgonjwa ni mtu.

Mwaka 2012 ikaja kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito ujumbe wa bure wa simu kuwakumbusha kliniki. Jambo jema hilo. Hata hivyo, ujumbe humfikia mwenye simu, tena yenye chaji, na mahali penye mtandao.

Leo zipo hospitali ambazo mtu anaweza kupanga miadi kwa simu au kwa kompyuta bila kuondoka nyumbani. Wapo wanaodhani kwamba foleni sasa imekwisha. Hapo ndipo ninaporudi Mtera.

Katika ukame wa mwaka 1992, na tena 1994, taifa liliingia katika mgawo wa umeme. Ukuta wa Mtera ulikuwa umesimama imara, na milango yake ilifunguka vizuri. Kilichokosekana ni maji. Bwawa hugawanya maji kwa majira, haliiti mvua.

Mashine ya kupanga miadi nayo ni bwawa. Inaweza kuwatawanya wagonjwa mia moja wa saa moja asubuhi wakaja kwa zamu, na kumwokoa mkulima siku yake ya palizi. Lakini haizai daktari, haijazi dawa kabatini, wala haimwamshi aliyechelewa kazini. Hospitali ikiwa na mtaalamu mmoja wa watu wengi mno, mashine itahamisha foleni kutoka kwenye benchi na kuiweka kwenye kalenda. Foleni ya benchi tunaiona. Ile ya kalenda haionekani, na mgonjwa anaweza kufia ndani yake.

Kwa hiyo wanaonunua mashine hizo wasiishie kuhesabu wagonjwa wangapi wameandikishwa. Wahesabu pia ni mara ngapi mgonjwa alifika siku yake na hospitali isiwepo. Na siku mtaalamu anapokuwa safarini, ujumbe umfikie yule mama jana yake, kabla hajalipa nauli.