Fursa Inayouzwa: Istilahi na Tafsiri Yake

Miongoni mwa istilahi za biashara zilizoingia Kigali kwa mlango wa Kiingereza na kuvishwa joho la Kiswahili kabla hazijaulizwa nasaba yao, hakuna inayostahili kupimwa kwa makini kama ile tuiitayo fursa ya biashara. Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hayana utata, kwani humaanisha nafasi yoyote ambayo mwenye akili na bidii anaweza kuitumia kujipatia riziki, kama mtaa usio na duka la dawa au mavuno yasiyo na mnunuzi. Lakini katika lugha ya sheria na mikataba maana yake ni nyembamba zaidi, nayo ni kitu kinachouzwa: muuzaji humtolea mtu atamaniye kujitegemea mpango ulio tayari, pamoja na bidhaa au vyombo, na ahadi ya kumwonesha wateja au mahali pa kuuzia, naye mtu huyo hulipa kwanza ndipo aanze. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ina kanuni mahususi juu ya muamala huu, ambayo tangu tarehe 1 Machi 2012 humlazimu muuzaji kumkabidhi mnunuzi waraka wa maelezo siku 7 kabla ya saini kutiwa au fedha kupokewa, nao waraka hueleza mashtaka yaliyowahi kumpata muuzaji, masharti ya kurudisha fedha, na kama ametoa madai yoyote juu ya pato ambayo yampasa kuyathibitisha.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Fursa limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa kale wa lugha hiyo walilifafanua kuwa ni zamu ya watu wanaopokezana maji, kila mmoja kwa wakati wake. Zamu hungojewa, hupatikana, hutolewa, hata hupotezwa; bei haina. Mswahili aliyelirithi neno hilo amelitumia vivyo hivyo, asemapo nimepata fursa, nipe fursa, fursa imenipita. Na Mtanzania wa leo anayehimizwa kuchangamkia fursa huhimizwa kuamka mapema, si kufungua mkoba. Kwa hiyo mfasiri anapolitia neno hilo pekee katika mkataba, humfichia msomaji jambo la kwanza analopaswa kulijua, yaani kwamba yeye ni mnunuzi, na kwamba yule ndugu mkarimu aliyemjia na habari njema anafanya biashara juu yake. Jambo hili lina uzito Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na ambako wako wengi watakaokutana na istilahi hii katika karatasi kabla hawajaisikia kwa wenye lugha wa mitaa ya Biryogo na Nyamirambo.

Si kwamba watu wa pwani hawakujua njia ya kumfikishia biashara mtu asiye na rasilmali. Walikuwa nayo, na jina lake lingali hai: mali kauli. Tajiri alimkabidhi kijana bidhaa kwa ahadi ya mdomo, na kijana akalipa baada ya kuuza. Na misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kuingia bara katika karne ya 19 iliondoka na bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, aghalabu Wahindi. Wala sisemi kwamba huo ulikuwa muamala wa huruma, kwani faida ilikuwa nzito na deni liliwafunga watu miaka na miaka. Ninalosema ni kwamba hasara ya kwanza ilimwangukia mwenye mali, na kwa sababu hiyo alilazimika kumchunguza anayempa, kuuliza habari za jamaa zake, na kujua kama bidhaa ina mnunuzi huko iendako. Katika fursa inayouzwa mambo yamepinduliwa: atoaye wazo amekwisha kupokea chake, ilhali anayeanza ndiye aliyebeba hatari yote.

Hata hivyo kuna wauzaji wa fursa walio waungwana, na Kigali inao mfano. Mwaka 2013 Henri Nyakarundi, Mnyarwanda aliyekulia Burundi na kusoma Marekani, alianzisha kampuni ya ARED, ambayo ilitengeneza kioski cha magurudumu chenye paneli za sola, cha kuchajia simu na kuuzia muda wa maongezi, kikapewa jina la Shiriki Hub. Kioski hicho kiliendeshwa kwa utaratibu wa franchaizi ndogo, yaani mchuuzi alifanya kazi yake mwenyewe chini ya jina, vyombo na taratibu za kampuni. Na wanawake pamoja na watu wenye ulemavu ndio waliotangulizwa. Hapa mtu hahitaji ilimu ya mahesabu makubwa ili aone fedha zitokako: zatoka kwa mpita njia ambaye simu yake imezima. Kadhalika Mfuko wa Maendeleo ya Biashara, ujulikanao kwa herufi BDF, ulioanzishwa mwaka 2011, huwadhamini vijana na wanawake mbele ya benki hadi asilimia 75 ya mkopo, jambo ambalo kwa namna yake limeirejesha kanuni ya mali kauli, maadamu mwenye nguvu amekubali kubeba sehemu ya hasara ya asiye nazo.

Upande wa pili wa sarafu unafahamika, nao ni mchungu. Benki Kuu ya Rwanda imeonya hadharani, wala si mara moja, juu ya mipango ya piramidi, ambamo pato la waliotangulia hutoka katika viingilio vya waliofuata, na bidhaa, kama ipo, ni pazia tu. Tanzania iliyaonja hayo kwa mpango wa DECI, uliofungwa na serikali mwaka 2009 baada ya umma kuambiwa kwamba fedha zinazotolewa ni mbegu zinazopandwa na kwamba mavuno yatafuata. Tazama jinsi lugha ilivyotumika: mkulima akilipwa kwa jasho lake husema amevuna, na neno hilo safi likaazimwa kuificha hadaa. Magazeti nayo yakaiita hadaa hiyo upatu, yakasahau kwamba upatu wa kina mama wa uswahilini, sawa na ikimina cha Wanyarwanda, ni chama cha watu wanaojuana, ambamo kila mwanachama hupokea jumla ile ile kwa zamu, na hakuna anayeahidiwa senti zaidi ya alichochanga. Sioni udhuru wa kuwachafulia jina. Istilahi nyingine yenye mtego ni biashara ya mtandao, ambayo huko Dar es Salaam humaanisha uuzaji wa ngazi kwa ngazi, kila muuzaji akiwaandikisha wenzake chini yake, ilhali biashara ya mtandaoni ni duka la kwenye intaneti. Na kijana asiyeitambua silabi moja ya mwisho hudhani anafundishwa kompyuta, kumbe anaandikishwa.

Swali linalobaki ni la njia. Anayetaka kuwafikia wenye nia ya kuanza biashara Kigali hakosi mahali: uko umuganda, yaani kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambao ukimalizika watu hukaa kikao, ziko SACCO za imirenge (tarafa), iliyo 416 nchi nzima, viko ibimina vya mitaani, na karakana za mafundi wa Agakiriro ka Gisozi, na redio isikilizwayo kwa kila kinyozi. Sifa ya mahali hapa pote ni moja, kwamba msikilizaji anaweza kuuliza swali mbele ya jirani zake, na jibu la uongo likakumbukwa. Mimi humshuku muuzaji anayeyakwepa mabaraza haya na kupendelea ukumbi wa hoteli wa kukodi, ambako kila aliyeketi kando yako amekwisha kulipa, na kwa hiyo ana maslahi katika ushawishi wako. Cheti cha usajili wa kampuni, ambacho aghalabu huinuliwa juu kama hirizi, ni ithibati kwamba kampuni ipo, basi. Uaminifu wake hakiutaji.

Nawasihi basi wafasiri wa mikataba walioko Kigali, pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki yenye kauli katika mambo ya istilahi, waliache neno fursa libaki na maana yake ya zamani, na pale ambapo kuna malipo ya kutangulia waandike fursa ya kulipia, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile zinazotaja faida, na mara chini yake waandike nani atabeba hasara bidhaa isipouzika.