Bibi yangu, bati na historia ya Kilwa

Wadau, nimerudi kutoka Kilwa Kivinje. Bibi yangu ameuza ufuta wake na anataka kuezeka nyumba kwa bati kabla mvua hazijaanza. Mimi msomi wa mjini nikaingilia kati: "Bibi, makuti ndiyo asili yetu, tena yana ubaridi."

Akanitazama. "Mjukuu wangu, hiyo asili inavuja. Utakuja wewe usiku kukinga maji?"

Nikanywea. Lakini jibu lake lilinirudisha kwenye historia tuliyofundishwa darasani.

Tukisema Kilwa tunasema mawe: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Urithi wa Dunia tangu 1981. Sawa. Lakini Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti, zimeezekwa kwa matete. Kumbe hata enzi za masultani wenye dhahabu ya Sofala, watu wa kawaida walilala chini ya paa kama la bibi!

Bati la migongo limekuja juzi tu. Henry Robinson Palmer alipewa hakimiliki yake London mwaka 1829. Siri ni ile migongo: chuma chembamba kikishakunjwa mawimbi, hakipindi ovyo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hakimiliki ya kukipaka zinki. Zinki huliwa kwanza, chuma kinapona. Ila chumvi ya bahari ina haraka, ndiyo maana mapaa mengi ya Kivinje ni mekundu kwa kutu.

Na bati halikuishia paani. Mafuta ya taa yaliletwa kwenye madebe ya galoni 4, karibu lita 18. Yakiisha, debe lilichota maji, kisha likapima nafaka. Hadi leo tunahesabu mahindi kwa debe. Kopo la maziwa fundi akaligeuza kibatari. Kwa jirani wa bibi, bati lililochakaa sasa ni banda la kuku na ua wa bafu. Hakitupwi kitu.

Lina ubaya wake pia. Mchana ni tanuri, mvua ikinyesha husikilizani. Upepo nao ukija, bati lililolegea ni panga. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaitikisa pwani hii ya Kilwa. Kwa hiyo fundi akamshauri bibi achukue geji 28, aache 32, maana namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Akasisitiza na misumari ya kutosha.

Misumari nimenunua mimi. Ndiyo faini ya kujifanya najua asili.

Tunajua masultani walijenga nini na karne gani. Je, unajua kwenu waliacha kulala wakikinga maji mwaka gani, na waliuza nini kupata hilo bati? Muulize bibi yako angali hai. Hiyo nayo ni historia.